Msimu Tuliokaribia Kuuza Nyumba ya Baba

4 Farvardin

Nyumba imejaa hadi mlangoni. Leo siku ya nne ya Nairuzi, mwaka wetu mpya, na nusu ya Tehran imehamia Kashan kuja kupiga picha nyumba za kale ambazo babu zao wenyewe walizikimbia kwa sababu ya baridi na ngazi. Mimi sina malalamiko. Mimi Turan, mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja wa kupokea wasafiri, na hajapata kuondoka kwangu mgeni mwenye njaa. Wala hajapata kuingia mtu bila kunyunyiziwa marashi ya waridi viganjani, kwa mrashi wa mama, ule wa kioo cha buluu wenye shingo ndefu iliyopinda.

Kaka Hushang alifika juzi kutoka Karaj. Analala chumba cha chini, pembeni ya stoo. Chumba cha juu chenye madirisha ya vioo vya rangi, kilichokuwa chake utotoni, nimewapa maharusi wa kutoka Tabriz. "Usijisumbue, dada," alisema, "mimi napenda chini, kuna ubaridi." Kaka yangu hana makuu. Namjua kama ninavyoijua ramani ya Iran, na ramani hiyo naichora nimefumba macho.

Baada ya chakula cha mchana akaingia bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, Salehpur, mtu wa Tehran. Anataka kuinunua nyumba yetu aifanye hoteli, na mkahawa juu ya paa. Hushang ndiye aliyemleta! Moyo ulinilipuka, lakini mimi ni mtoto wa watu, nikamimina chai.

"Nyumba ni ya Turan," Hushang akamwambia. "Atakavyosema yeye."

"Usimsikilize," nikasema. "Mwenye nyumba ni kaka. Mimi mfagiaji tu. Akitaka kuuza auze, sina neno."

"Dada ndiye aliyeishikilia miaka yote hii. Mimi nani?"

"Wewe mkubwa wangu. Nyumba yako, na mimi mwenyewe wako."

Salehpur alikuwa akigeuza shingo, mara kwa kaka, mara kwangu. Mwishowe akaweka kikombe chini akasema, "Alhamdulillahi. Basi wote wawili mmekubali."

Nikamwongeza chai. Hati ina majina yetu mawili, na bila saini zote mbili nyumba haiuziki.

Ninavyoona mimi, kaka anataka kuuza. Amestaafu, wifi yangu alifariki mwaka juzi, anaishi peke yake ghorofa ya sita. Mtu haleti mnunuzi nyumbani kwa baba yake siku ya sikukuu kwa mchezo. Na mimi nitamkatalia kwa uso gani? Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyesema, "Rudi kwetu ukae, nyumba ni yako," na tangu siku hiyo hajaniuliza habari za fungu lake. Mtu wa namna hiyo akitaka kitu, unampa.

Lakini sitaki. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kunisikia. Sitaki, sitaki, sitaki.

5 Farvardin

Kuosha vyombo. Magoti.

9 Farvardin

Maharusi wa Tabriz wameondoka, chumba cha juu nimewapa madaktari wawili wa Mashhad. Hushang amepanda kunisaidia kubadili mashuka. Nilimkuta amesimama dirishani, jua limempaka wekundu na kijani usoni, shuka mkononi, hafanyi kitu. "Kaka, usichoke, nenda kapumzike," nikamwambia. Akashuka.

13 Farvardin

Leo ni siku ya kumi na tatu ya mwaka, siku ya kutoka, hakuna anayebaki ndani. Tulikwenda bondeni kando ya kijito, mimi, Hushang na jirani yangu Talat na samawari yake, maana Talat haamini chai ya mtu mwingine. Tulitupa majini ngano zetu za Nairuzi zilizochipua, kama ilivyo desturi. Nilifunga nyasi fundo nikanuia. Nilichonuia ninakijua mwenyewe.

Hushang alikuwa akichoma nyama. Akasema bila kunitazama, "Dada, kuhusu Salehpur. Kama hutaki, sema."

"Nisitake nini, kaka? Furaha yako ndiyo furaha yangu."

"Mimi nakufikiria wewe. Magoti yako. Uliniambia kwenye simu nyumba hii itakuua."

"Itaniua kweli," nikasema. Hiyo ni kauli ya kila mtu. Nani atasema kazi yake ni tamu na afya anayo, ili apigwe jicho?

"Basi tuuze?"

"Ukitaka, uza. Sina neno."

Talat akapiga kijiko kwenye samawari. "Nyie wawili mnanichosha! Mmoja aseme anachotaka, tule nyama."

"Talat, wewe adabu hukufundishwa."

"Nilifundishwa, bibi wee. Nyie mmezidisha dozi."

Hushang alicheka kidogo, akarudi kupepea makaa. Nilimwona amepumua. Bila shaka ni afueni ya mtu aliyepata ruhusa aliyokuwa akiitafuta.

20 Farvardin

Mvua. Hushang amerudi Karaj.

21 Farvardin

Mvua.

22 Farvardin

Mvua. Talat anasema ikiendelea hivi mpaka waridi lichanue, harufu itaoshwa yote, tutakuwa tunawanyunyizia wageni maji ya bomba. Talat ni mtu wa kukutangulizia msiba. Waridi la mashamba ya Qamsar limeona mvua nyingi kabla yake.

2 Ordibehesht

Salehpur amekuja na mtu wa kupima. Walipima ua, wakapima hodhi. "Hili tutalifukia," akamwambia mwenzake, kana kwamba mimi ni mtungi. "Hapa tutaweka viti." Katika hodhi hilo Hushang alitumbukia akiwa na miaka minne na baba akaruka na viatu kumtoa. Niliwapa chai, na sukari ya mawe yenye zafarani. Nilipowasindikiza nikasema, "Karibuni tena." Nilipofunga mlango nikauma leso.

Alasiri Hushang akapiga simu. "Dada, Salehpur anataka jibu. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Tuuze?"

Nikahesabu. Mara ya kwanza kwenye chai, ya pili bondeni, hii ya tatu. Na kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba mara mbili za kwanza ni adabu, ya tatu ndiyo kweli. Ukikaribishwa unakataa, unakataa, ya tatu unapokea. Mtu aliyeuliza mara tatu anataka kupewa.

"Uza," nikasema.

Nilisikia redio yake huko Karaj.

"Haya," akasema. Halafu tena, "Haya, dada."

Tutatia saini tarehe tano, mwezi wa Khordad, msimu wa waridi ukiisha. Ni vizuri, nitaaga kwa harufu nzuri. Sikulia. Ndiyo, nililia, lakini nikiwa namenya vitunguu, kwa hiyo haihesabiki.

17 Ordibehesht

Jua! Mashamba yamechanua yote kwa siku moja. Mvua haikuosha kitu, na nimemwambia Talat hivyo mara nne.

18 Ordibehesht

Talat amefika alfajiri na pikapu yake, magunia sita ya waridi la Qamsar, bado na umande. Mapipa ya shaba yako motoni uani, bomba limepita ndani ya maji baridi, marashi yanadondoka tone tone. Wageni wanapiga picha mpaka moto wenyewe unaona haya. Mwalimu mmoja wa Isfahan alisema hajaona ua kama huu. Nikamwambia si kitu, ni banda tu. Kwa nini nilisema hivyo? Si banda. Ni ua mzuri kuliko yote Kashan na mimi ndiye niliyeufanya uwe hivyo.

24 Ordibehesht

Wageni kumi na sita. Ukoko wa wali, fahari ya kila mpishi wa kwetu, umetoka mzima, wa rangi ya dhahabu, haukukatika hata upande.

28 Ordibehesht

Amekuja mgeni wa ajabu. Anaitwa Matej, mfuga nyuki wa Slovenia, mzee wa umri wangu, anazunguka peke yake kwa mabasi. Ametoka Isfahan, anakwenda Yazd, halafu Shiraz. Tunaelewana kwa Kiingereza changu cha wageni.

Mchana nilimwongeza wali. Akasema hapana. Nikamwongeza. Akasema hapana, ameshiba. Nikamwongeza. Akaumaliza wote, akaenda kulala saa nane hadi jioni, amejishika tumbo. Kumbe alikuwa ameshiba kweli! Mtu mzima, anasema hapana akiwa na maana ya hapana. Nimewahi kupokea wageni wa mataifa arobaini na bado sijazoea.

1 Khordad

Maua yanakwisha. Joto limeanza, upepo wa jangwani umetujazia vumbi kwenye hodhi. Talat ameleta gunia moja tu.

"Hili la mwisho," akasema. "Na wewe umeshamwambia kaka yako?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unalia ukisingizia vitunguu."

"Kaka anataka kuuza, Talat. Namjua."

"Amekuambia anataka?"

"Hawezi kuniambia. Ana adabu."

"Na wewe umemwambia hutaki?"

"Siwezi kumwambia. Nina adabu."

Alimwaga waridi kwenye pipa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akachukua gunia lake tupu. Nilimkasirikia. Anadhani watu wote wanaweza kubwata kama yeye.

3 Khordad

Naandika kwa hasira. Asubuhi Matej alikuwa akiutazama mrashi wa mama pale kwenye shubaka. Akausifu, kioo chake, shingo yake, akasema mkewe angeupenda sana. Nikasema, kama mtu yeyote wa kwetu angesema kwa adabu, "Ni wako."

"Kweli?" akauliza.

"Ni wako, hauna thamani mbele yako."

"Una uhakika?"

"Uhakika kabisa! Uchukue."

Akauchukua! Akanishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, akapanda nao chumbani. Mimi nimebaki nimesimama mbele ya shubaka tupu, na alama ya duara kwenye vumbi. Mrashi ulionyunyizia watu kwenye harusi yangu na matanga ya baba.

Nimeshindwa kula. Kwanza nilimtukana moyoni kwa lugha zote ninazozijua. Kisha, nikisugua sufuria, likanijia jambo ambalo silipendi. Msimu mzima huu nimesema maneno mengi, na yule mfuga nyuki ndiye aliyeyaamini.

4 Khordad

Sina mgeni ila Matej. Hushang amefika, analala chini. Jioni tumekula pamoja. Alisifu nyama, nikasema ina chumvi nyingi. Haikuwa na chumvi nyingi.

5 Khordad

Nitaandika yote, hata kalamu ikiisha.

Matej aliondoka asubuhi kuwahi basi la Yazd. Desturi yangu ni kumnyunyizia msafiri marashi mlangoni, lakini nitamnyunyizia kwa kitu gani, kwa bilauri? Nikampungia mkono. Nikaingia ndani, Hushang amevaa koti lake la mazishi, bahasha ya hati kwapani, anangoja saa nne ifike twende kwa msajili. Nikatazama shubaka. Nikatazama bahasha. Nikahisi kitu kinapanda kutoka magotini, na safari hii hayakuwa maumivu.

"Kaka, tangulia. Tutakutana huko."

"Unakwenda wapi?"

Sikumjibu. Kwa mara ya kwanza maishani kaka yangu ameniuliza nami nimempa mgongo. Nilibisha kwa Talat kwa ngumi zote mbili. "Toa pikapu!"

"Nani amekufa?"

"Bado. Toa pikapu!"

Talat huendesha gari kama anavyoongea. Tulifika stendi Matej ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Nikamshika mkoba. Abiria wote wakachungulia madirishani.

"Nirudishie mrashi," nikasema. Nilikuwa nahema. "Nilikuambia ni wako. Si wako. Ni wa mama yangu, naupenda, sitaki kuutoa."

Nilingoja ardhi ipasuke. Matej akashuka, akapiga magoti pale pale kwenye zege, akafungua mkoba, akautoa mrashi umeviringishwa soksi tatu. Akanipa. Hakuwa amenuna hata kidogo.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema.

"Mara mbili hazitoshi!"

"Kwa nini usiseme hapana ile ya kwanza?"

Jamani, nimefundisha miaka thelathini, watoto wameniuliza maswali ya kila aina, ila hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaushika mrashi, ulikuwa na marashi kidogo chini, nikamnyunyizia viganjani, mbele ya basi zima. Dereva naye akatoa mikono dirishani, nikamnyunyizia.

"Sasa kwa msajili," nikamwambia Talat.

"Unakwenda kutia saini?"

"Wewe endesha."

Niliingia ofisini na mrashi mkononi, soksi moja ya Matej bado imening'inia shingoni mwake. Hushang na Salehpur walikuwa wamekaa. Msajili, kijana wa miwani, akauliza, "Nani kati yenu ndiye anayeuza?"

"Dada," akasema Hushang.

"Kaka," nikasema mimi, kwa mazoea tu. Ulimi umezoea, unakwenda wenyewe. Nikajikamata. "Hapana. Ngoja. Mimi sitaki kuuza."

Kalamu ya msajili ikasimama.

"Sitaki," nikasema tena, nikimtazama kaka. "Sikutaka tangu siku ya kwanza. Nilisema sina neno, nami nina maneno tele. Najua unataka, na una haki, na nilipofiwa wewe ndiye uliyenipa pa kulala. Lakini naipenda nyumba ile, nawapenda hata wageni wanaoacha nywele kwenye beseni. Sasa nimesema. Kama huku ni kukosa adabu, nimekosa."

Hushang alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Mabega yakaanza kumtetemeka, nami nikadhani nimemuua kaka yangu kwa mdomo.

"Miezi miwili," akasema. Alikuwa analia na kucheka. "Miezi miwili nangoja useme hivyo, Turan. Kila nikikuuliza namwomba Mungu useme hapana. Nilimleta mtu huyu kwa sababu yako! Kila simu ni magoti, ngazi, nyumba itaniua, nyumba itaniua. Nikasema dada amechoka, anaona haya kuniambia, basi nimfungulie njia mwenyewe."

"Kwa hiyo wewe hutaki?"

"Nitake? Ile siku uliposema uza, sikula siku mbili."

"Mungu wangu," nikasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe?"

Talat, ambaye hakuna aliyemkaribisha, alikuwa ameegemea mlango. "Watu wenye shahada zao," akasema.

Salehpur akasimama, uso mwekundu kama komamanga. "Mmenipotezea msimu mzima! Nimeshalipa mtu wa kuchora!"

Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Hushang akampa mkono, akamwomba radhi, na kwa kuwa mbwa mzee haachi kubweka, akaongeza, "Karibu basi chakula cha mchana." Na yule bwana, kwa hasira au kwa njaa, akaja! Nilipompelekea ukoko alisema asante, hapana. Nikashika mwiko nimwongeze, Talat akaniwahi, akaondoa sahani. "Leo katika nyumba hii hapana ni hapana," akasema. Salehpur aliufuata ule ukoko kwa macho mpaka jikoni. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba ule ukoko." Akapewa wote. Nadhani naye ilimfaa.

6 Khordad

Nilipofagia ua leo asubuhi nilifikiri nimemaliza kujifunza. Mwalimu hujidanganya haraka.

Hushang alikuwa anafunga begi arudi Karaj. Mapipa ya shaba tulikuwa tumeshayasugua, nyumba haina mgeni, hodhi limetulia. Akasema, "Chumba cha juu kifanyie rangi kabla ya vuli. Ndicho wageni wanachokipenda."

"Nitakifanyia."

"Mimi nikija, pale chini pananitosha. Kuna ubaridi."

Miaka kumi na moja nimeisikia sentensi hiyo, na miaka kumi na moja nimeiandika humu kama hali ya hewa. Nikamkumbuka na shuka mkononi, jua la rangi usoni. Nikaweka fagio chini.

"Kaka. Unakitaka kile chumba?"

"Aa, hapana, kwa nini? Wageni..."

"Hushang. Unakitaka?"

"Dada, usijisumbue."

"Nakuuliza kwa mara ya tatu."

Alitazama begi lake. Mtu wa miaka sitini na sita, mikono imemning'inia kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Ndiyo," akasema. "Na Karaj sitaki kurudi."

Nikaingia ndani nikatoa ufunguo wa chumba cha juu kwenye msumari wa funguo za wageni, nikampa. Halafu nikachukua mrashi, nikamwambia atoe viganja.